Taa ya Matumbawe

Inspekta Damari Sanga alikuwa amejiandaa kumchukia Crispin Kalinga, na ndiyo maana alikasirika kidogo alipomkuta ni mtu wa kupendeka. Alimkuta Kihesa, Iringa, kwenye chumba cha nyuma cha duka lake la vifaa vya umeme, amekalia debe huku akimenya waya kwa meno. Alipomwona mgeni alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema kamwene, salamu ya Kihehe, akampisha kwenye kiti pekee chenye miguu yote minne. Damari alikuwa barabarani tangu alfajiri na baridi ya Mafinga ilikuwa bado magotini mwake. Alikaa bila kujivunga.

Kisa kilichomleta kilikuwa kifupi na kibaya. Dada yake Crispin, Blandina, alikuwa mahabusu Mbeya, akidaiwa kumuua mumewe Yotamu Mwaisumo, fundi redio wa Uyole. Yotamu alikutwa amekufa sebuleni kwake, chini ya tangi la vioo alilofugia viumbe wa baharini. Mkono mmoja ulikuwa umelowa maji ya chumvi hadi kwenye kiwiko, wa pili una alama ya kuungua kiganjani. Juu ya tangi ilining'inia taa aliyoiunda mwenyewe. Daktari aliandika kwamba ameuawa na umeme. Gwakisa, mdogo wa marehemu, alisema ameuawa na mke. Jumatatu Blandina alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa kosa la mauaji, kosa lisilo na dhamana, ambalo mtu anaweza kulisubiria gerezani mpaka mvi zimjae kichwani, awe alitenda au hakutenda. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Gwakisa hakuwa mjinga, na polisi walimsikiliza. Aliwaambia kuwa jirani alimwona Blandina akifungua plagi ya taa ile kwa bisibisi, ingawa jirani mwenyewe hakukumbuka ni lini. Aliwaambia shemeji yake huyo wa Iringa alichoka kulea mtoto asiye wake, akachoka na tangi, akachoka na mume. Zaidi ya yote aliapa kwamba Crispin, ambaye ni fundi umeme, alionekana Uyole siku chache kabla ya kifo. Hilo la mwisho ndilo lililompandisha Damari kwenye basi.

Crispin alijibu bila kuwaza kwamba siku hizo alikuwa Ilula, akifunga taa kwenye ghala la nyanya la mzee mmoja aitwaye Bartholomeo. Damari aliomba namba, akatoka nje, akapiga mwenyewe. Mzee alithibitisha kuwa fundi alilala kwake wiki nzima, akaongeza bila kuulizwa kwamba taa mbili hadi leo haziwaki na kama afande anamwona fundi huyo basi amkumbushe. Damari alirudi ndani akiwa amepoteza nusu ya kesi yake, na hakujua kama afurahi au anune.

"Hebu nieleze hiyo taa," alisema.

"Taa ile haikuwa ya shemeji, dada. Ilikuwa ya Gloria."

Gloria alikuwa binti wa Yotamu kwa mke wa kwanza, aliyefariki zamani. Blandina alimlea tangu akiwa darasa la pili. Alipokua alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi kwenye duka la samaki wa mapambo, na huko akajifunza kuotesha matumbawe. Crispin alieleza kwa mikono, kwa sababu naye alieleweshwa hivyo hivyo: watu huyadhani mawe, kumbe ni viumbe hai, na wasipopata mwanga wa bluu kama ule wa chini ya bahari hufifia, wakawa weupe, wakafa. Figo zilipomgoma Gloria alirudi Uyole na tangi, boksi la vipande vya matumbawe, samaki mmoja wa rangi ya chungwa, na mfuko wa chumvi ya kukorogea maji ya bahari. Taa ya dukani haikuwezekana. Baba yake akasema, taa ni nini, ataiunda.

Na kweli aliiunda. Alichukua bapa la alumini lenye mapezi ya kupunguza joto kutoka kwenye amplifaya bovu ya kanisa, akalisugua mpaka likang'aa, akabandika juu yake vitaa vya LED, safu za bluu na safu za nyeupe, kwa gundi inayopitisha joto ili visiungue. Akafunga feni mbili za kompyuta za kupozea. Draiva, yaani kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza kwa ajili ya vitaa, ilitoka kwa Crispin, na Yotamu akaitia ndani ya kopo la plastiki la chakula ili isilowe. Gloria alikaa pembeni na blanketi lake akisimamia kazi. Baba akiwasha kujaribu, yeye anakataa: ongeza bluu, baba, hiyo bado ni taa ya baa. Walicheka sana wiki zile, Crispin alisema, mpaka Blandina akampigia simu kumwambia nyumba imepata uhai.

"Nikamwambia, shemeji, alumini hiyo lazima uifunge ethi. Akaniambia, wewe mtoto, mimi nimeshika waya hujazaliwa."

"Akaifunga?"

"Aliifunga. Na ilimwokoa, tena zaidi ya mara moja." Crispin alichukua kipande cha waya wa kijani na njano, akakinyoosha kati ya vidole. Huu wa ethi, alisema, unatoka kwenye mwili wa taa, unapita kwenye plagi, unazunguka nyumba, unaishia kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Umeme ukipotea njia na kugusa chuma, unakimbilia huko, na fyuzi ya kwenye plagi inakatika kabla mtu hajaguswa. Tatizo la Yotamu lilikuwa chumvi. Chumvi ya tangi hupanda, hutambaa kwenye waya kama ukungu mweupe, na ilipenya hadi ndani ya kopo. Fyuzi ikawa inakatika kila baada ya muda. Yotamu anafungua, anasafisha, anaweka nyingine. Akiwa hayupo, Blandina ndiye alibadilisha, ili matumbawe ya Gloria yasikae gizani.

"Hiyo ndiyo bisibisi ya huyo jirani yenu," alisema Crispin.

Damari aliuliza fyuzi ilikatika mara ya mwisho lini.

"Kabla ya msiba wa Gloria. Tulipomaliza kuzika, nikarudi huku, shemeji akanipigia. Akasema, Crispin, taa imepona. Tangu tumlaze mtoto haijazima hata mara moja. Akasema ni Gloria anailinda." Aliuweka waya chini. "Nikamwambia amshukuru Mungu. Mimi, fundi umeme, nikamwambia amshukuru Mungu."

Alianza kulia bila kujificha, na Damari akamwacha alie. Alikuwa amewahi kuona machozi ya kila aina katika kazi hii, na haya yalikuwa ya mtu anayejihesabia kosa. Lakini kichwa chake kilikuwa tayari barabarani kurudi Mbeya. Chumvi haikai matanga. Kama fyuzi iliyokuwa ikikatika kila mara iliacha ghafla kukatika, basi ama taa ilipona kweli, ama kuna kitu kilichokuwa kikiikata ambacho hakipo tena.

*

Jumapili watu wakiwa kanisani, Damari alivunja lakiri ya polisi mlangoni kwa Yotamu akiwa na Koplo Eliezeri, ambaye alisomea umeme chuo cha ufundi kabla ya kuvaa sare na tangu hapo kazi yake kubwa kituoni ilikuwa kurekebisha birika la chai. Sebule ilinuka uozo wa baharini. Umeme ulizimwa siku ya kifo na hakuna aliyekumbuka tangi. Samaki wa rangi ya chungwa alikuwa juu ya maji, ubavu umetazama dari. Matumbawe yalikuwa meupe yote. Damari alikuwa amesoma kwenye maelezo ya Blandina kwamba aliomba mahabusu, siku ya kwanza, mtu aende kuwasha taa, na askari wakamcheka.

Eliezeri alifungua plagi kwanza. Fyuzi ilikuwa nzima, na ya kipimo kinachotakiwa. Waya zote tatu zilikuwa zimekazwa vizuri. Aligusisha ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye alumini ya taa, nyingine kwenye pini kubwa ya plagi, mita ikalia. Ethi ya taa ilikuwa salama. Alifungua kopo la draiva, akaita. Utando mweupe wa chumvi ulikuwa umetoka kwenye waya wa moto, ule unaoleta umeme, umepita juu ya draiva, umefika kwenye skrubu iliyoshika alumini.

"Umeme ulipita hapa," alisema. "Alumini yote ilikuwa na umeme, afande. Akatia mkono majini, wa pili akashika taa. Lakini fyuzi ilitakiwa iwe imeshakatika zamani."

"Kwa nini haikukatika?"

Eliezeri alipima soketi, nayo ilikuwa nzima hadi kwenye swichi kuu, ya kizamani, isiyo na kile kifaa cha siku hizi kinachokata umeme ukivuja. Kutoka kwenye swichi waya wa kijani ulitoboa ukuta kwenda nje. Wakatoka, wakazunguka nyumba. Alichomeka kipande cha nondo kwenye udongo uliolowa, akapima kati yake na ule waya, akarudia, akapiga mita kofi, akarudia tena. Safari hii mita haikulia.

Waya ulishuka ukutani chini ya dirisha la sebule na kuingia ardhini. Hapo chini ya dirisha palikuwa na makaburi mawili. La Gloria lilikuwa limesakafiwa kwa saruji na msalaba wake. La Yotamu lilikuwa bado tuta la udongo, maua yamenyauka juu yake. Yotamu ndiye aliyechagua mahali pale kumzika binti yake, wazee walipotaka azikwe nyuma kwenye migomba alipo bibi yake. Alisema hapa mwanga wa tangi utamfikia jioni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia baba siku kama ile.

Damari alipiga magoti, akafukua taratibu kwa kijiko alichokitoa jikoni. Waya ulishuka kiganja kimoja ndani ya udongo, ukakata kona kuelekea kwenye saruji ya Gloria, ukaishia. Ncha yake ilikuwa imechanwa na kupondeka. Sehemu iliyobaki, pamoja na fimbo ya shaba, ilikuwa upande wa pili, chini ya saruji, na mtoto.

Eliezeri alivua kofia. Alisema waya wa ethi ukikatwa nyumba haijui: redio inaimba, pasi inapata moto, taa zinawaka. Inajulikana siku mtu akiguswa.

Walipiga picha, wakapima, wakachora. Damari alifanya kila kitu kwa utaratibu kwa sababu utaratibu ulimzuia asifikirie. Alijua tayari kilichotokea, na alijua pia kwamba kujua hakutoshi. Wakili wa Serikali angeuliza swali moja tu: ni nani aliyesema waya huu ulikatwa siku ya maziko ya Gloria, na si juzi kwa panga la Blandina? Habari ya fyuzi ilitoka kinywani mwa mshitakiwa na kaka yake. Ili kuthibitisha kwa vitu, ingebidi kuvunja saruji na kuchimba kaburi. Ili kuthibitisha kwa mtu, alihitajika yule aliyechimba.

*

Gwakisa alirudi kutoka kanisani na koti lake jeusi, Biblia kwapani, akawakuta barazani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa viazi, mwenye mikono mikubwa aliyokuwa hajui aiweke wapi tangu kaka yake afe. Alisalimia kwa adabu, akauliza kama yule mwanamke kesho anapelekwa mahakamani. Damari alisema wanakamilisha mambo madogo. Hakutaja waya. Shahidi hawekewi maneno mdomoni, alifundishwa hivyo, na leo alitamani asingefundishwa. Alimwomba amweleze tu siku ya kumzika Gloria ilivyokuwa, maana wapelelezi walihitaji kuijua nyumba.

Gwakisa alieleza kwa kirefu, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Kwa ukoo wao sururu ya kwanza hupigwa na baba mdogo wa marehemu, majirani hufuata. Yeye hakukubali majirani wafuate. Alimbeba Gloria mgongoni akiwa mdogo, alimfundisha kuendesha baiskeli kwenye barabara hii, na alitaka amtengenezee mahali pake mwenyewe. Alichimba peke yake mpaka udongo ukamfika kifuani, ndipo wakamtoa kwa nguvu wamalizie.

"Ardhi ilikuwaje?" Damari aliuliza.

"Juu laini. Chini mawe."

"Ulikutana na kitu kingine?"

"Mizizi ya ule mparachichi. Chuma fulani kimesimama, nikakipinda pembeni. Na waya."

"Waya gani?"

"Waya wa zamani, wa kijani. Sururu iliupitia. Niliogopa, nikadhani nimekata umeme wa msiba, kina mama wanapika ndani. Nikanyamaza nikasikiliza, redio ya mapambio ikawa inaendelea kuimba. Nikajua umekufa siku nyingi, nikaufukia." Alitabasamu kidogo kwa kumbukumbu ya hofu ile. "Sikumwambia Yotamu. Mtu anazika mtoto, unamwambiaje habari za waya?"

Eliezeri alitazama pembeni. Damari hakupamba maneno. Alimweleza waya ule ulikuwa wa nini, taa ilikuwa ikizima kwa sababu gani, na kwa nini iliacha kuzima.

Gwakisa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza tena, kana kwamba Damari ameongea lugha ngeni, na Damari akarudia. Gwakisa akaikalia mikono yake mikubwa.

"Sikusema habari ya waya," alisema. "Andika kwamba sikuona waya."

"Umeshasema, baba. Tumekusikia wawili."

"Nitakataa."

Damari alimwambia anaweza kukataa, hakuna wa kumlazimisha kuweka sahihi. Lakini bila neno lake Blandina atakwenda gerezani kesho, na yeye kama mpelelezi itambidi aombe amri ya mahakama ya kuvunja saruji ile, atafute ncha ya pili.

"Usimguse mtoto," alisema Gwakisa kwa sauti ndogo sana.

Walimwacha barazani. Damari hakulala vizuri, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliona haya kwa kuwa amepata ukweli.

*

Jumatatu alipofika kituoni Gwakisa alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mapokezi, na koti lile lile. Alisema anataka kuandikisha. Alieleza yote upya, sururu, chuma, waya, redio, akisubiri kalamu ya Eliezeri ifike mwisho wa kila sentensi. Aliposomewa alisahihisha sehemu moja tu: waliandika waya ulikatika, akasema hapana, andikeni nilikata. Aliweka sahihi, akavua mkanda na saa, akaviweka juu ya meza, akauliza chumba cha mahabusu ni kipi.

Damari alimrudishia mkanda. Alimweleza kwamba kukata waya bila kujua, ukichimba kaburi, si kosa ambalo yeye anaweza kumshitaki nalo.

"Kwa hiyo hakuna mtu," alisema Gwakisa.

"Hakuna."

"Nimeona watu wakifungwa kwa kuiba kuku, afande. Mimi nimeua kaka yangu."

Damari alikwenda kupiga simu kwa wakili wa Serikali, akapeleka maelezo na picha kwa mkono wake mwenyewe, akabishana pale palipohitaji kubishana. Mchana shauri likafutwa. Alimwita Blandina ofisini, akamkalisha, akamweleza kila kitu, hata jina la aliyekata waya. Blandina alikonda kiasi kwamba gauni lilimvuka bega. Alisikiliza bila kulia, akauliza kama Crispin anajua, akashukuru, akapewa mfuko wake wa nguo na pete yake ya ndoa.

Gwakisa hakuwa ameondoka. Alikuwa bado kwenye benchi lile, ameinamia viatu vyake. Watu wa kituo walimpita wakidhani ana shida yake nyingine. Yeye ndiye aliyewaambia polisi wasimlete Blandina kwenye maziko ya mumewe, akisema ukoo hautavumilia, na polisi wakatii. Mwanamke yule hakutupa hata gao moja la udongo kaburini.

Blandina alisimama mbele yake. Damari alikaa mlangoni tayari kuingilia, kwa maana hakujua binadamu mwingine angefanya nini hapo.

"Shemeji," alisema Blandina. "Mume wangu mmemlaza wapi?"

"Pembeni ya Gloria. Upande wa barabarani."

"Nani alichimba?"

Gwakisa hakuinua kichwa. "Mimi, shemeji. Yote mawili nimechimba mimi."

Blandina alikaa kwenye benchi, mbali naye kidogo, akavaa pete ambayo sasa ilimlegea, akaishika isidondoke. Ndipo akalia, na Gwakisa naye akalia, kila mmoja upande wake, na hakuna askari aliyewaambia wanyamaze.

"Twende ukanionyeshe," alisema hatimaye.

Gwakisa alisimama, akachukua mfuko wa nguo wa shemeji yake, akatangulia kutoka, na Blandina akamfuata.